Saa janja, pete au kipimajoto: kipi kitanionya kabla sijamwambukiza mama?

Mkazi_Donholm: Hamjambo wote. Naishi na mama, ana miaka 78 na mapafu yake ni dhaifu. Mimi napanda matatu kila siku, na baridi hii ya Julai madirisha yamefungwa huku watu wakikohoa. Nataka kujua naugua kabla sijafika karibu naye. Ninunue kipi?

Nesi_Eastlands: Kipimajoto hukwambia homa ikishaingia. Saa huangalia mapigo ya moyo ukiwa umelala, na hayo huweza kupanda hata kabla hujahisi lolote. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford walichunguza data za saa za watu 32 waliougua Korona: 26 walionekana kubadilika mapigo, hatua au usingizi. Sita hawakubadilika. Kwa hiyo saa ikinyamaza, usiseme u mzima.

Fundi_Luthuli: Kabla hujalipa, shika kifundo cha mkono uhesabu mapigo dakika nzima, ulinganishe na saa. Zikipishana sana, iache. Namba ya oksijeni nayo usiitegemee. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha hata vipimo vya kidoleni vya hospitali vilikosa kuona upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa wazungu. Hilo linaniuma, kwa sababu sisi ndio wateja.

Wanjiku_K: Mimi nina pete. Hupima joto la ngozi usiku kucha na haisumbui. Ila ni ghali, na nyingine hudai ada kila mwezi.

Mkazi_Donholm: Nafanya zamu ya usiku kila baada ya wiki moja. Itasoma vizuri kweli?

Nesi_Eastlands: Hapo ndipo pagumu. Chombo hiki hukulinganisha na kawaida yako mwenyewe, na zamu huivuruga. Pombe, siku za kabla ya hedhi na uchovu pia hupandisha mapigo. Linganisha usingizi wa mchana na wa mchana mwenzake. Kwa hali yako ningechukua saa ya wastani pamoja na kipimajoto cha kwapani. Mapigo yakipanda bila sababu, vaa barakoa nyumbani, fungua madirisha, na mtu mwingine amhudumie mama. Usingoje homa. Na ukitoka Kisumu au Busia ukajisikia vibaya, nenda upimwe malaria siku hiyo hiyo, saa iseme isiseme.

Mkazi_Donholm: Asante sana, dada. Na chanjo ya mafua ya mama, nianzie wapi?

Nesi_Eastlands: Piga simu kliniki anakotibiwa mapafu, uulize kama wanayo. Hiyo ifanye kwanza, saa baadaye.