Kifaransa: ni wakati gani tuseme "nous allons partir" na wakati gani "nous partirons"?

Mwongoza watalii, Njiro (Arusha)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mwongoza watalii, na ninajifunza Kifaransa kwa ajili ya wageni wanaotoka Ufaransa, Ubelgiji na Uswisi. Nimefika kwenye somo la wakati ujao wa karibu, ambao wenyewe huuita *futur proche*. Kuuunda hakunipi shida kubwa: nachukua kitenzi *aller* katika wakati uliopo (*je vais, tu vas, il va, nous allons, vous allez, ils vont*), kisha naweka kitenzi cha pili kama kilivyo kwenye kamusi, kwa mfano *je vais manger*, "nitakula". Linalonisumbua ni matumizi. Kitabu changu kinaeleza kwamba umbo hili ni la jambo litakalotokea karibuni, ilhali wageni nawasikia wakisema *l'année prochaine, on va revenir*, "mwaka ujao tutarudi", na mwaka mzima kwangu mimi si karibu. Kipimo chenyewe ni kipi?

Pamoja na swali hilo, naomba wenye ujuzi wanisahihishie maelezo ninayoandaa kuwapa wageni jioni wakiwa kambi ya Mandara, mlimani Kilimanjaro, kabla ya kupanda kwenda kambi ya Horombo (nataka kusema: kesho tutaondoka saa moja asubuhi, hatutatembea haraka, na tutakapofika Horombo tutapumzika):

*Demain, nous allons partir à sept heures. Nous n'allons marcher pas vite. Quand nous allons arriver à Horombo, nous allons reposer.*

Natanguliza shukrani.

Mwalimu wa Kifaransa, Moshi

Nimefurahi kuona swali lako, kwa sababu limegusa mahali ambapo vitabu vingi hupita haraka. Jina *futur proche* linapotosha kidogo. Umbali wa saa au siku si kipimo. Kipimo ni kama msemaji analiona jambo hilo limeshaanza kujengeka sasa hivi, kwa uamuzi uliokwisha kufanyika, kwa mpango uliopo, au kwa dalili inayoonekana. Linganisha sentensi hizi mbili, ambazo zote ni "atapata mtoto": *Elle va avoir un enfant* na *Elle aura un enfant*, hii ya pili ikiwa katika wakati ujao wa kawaida kama *nous partirons*. Anayesikia ya kwanza huelewa mara moja kwamba mama huyo ni mjamzito. Ya pili ni utabiri au matarajio tu. Huenda hata mchumba hajapatikana. Vivyo hivyo, ukiona wingu zito limeukalia Mlima Meru na upepo umebadilika, utasema *il va pleuvoir*, "mvua itanyesha", kwa kuwa dalili unayo mbele ya macho. Mgeni anayesema *l'année prochaine, on va revenir* anakueleza kwamba ameshaamua kurudi, na uamuzi huo anao tayari moyoni mwake siku hiyo anapoongea nawe, hata kama safari yenyewe iko mbali.

Sasa tuje kwenye maelezo yako. Sentensi ya kwanza ni sahihi kabisa, na nimeona umeibadilisha saa vizuri: saa moja yetu ya asubuhi ni *sept heures* yao. Wanafunzi wengi husema *à une heure*, na mgeni akabaki anajiuliza kwa nini aamshwe usiku wa manane.

Katika sentensi ya pili, kinachokanushwa ni *aller*, kwa kuwa ndicho kitenzi kilichonyambuliwa. Kwa hiyo *ne* na *pas* hukizunguka hicho peke yake, na kitenzi cha pili hubaki nje: *Nous n'allons pas marcher vite.* Katika mazungumzo utasikia *on va pas marcher vite*, bila *ne*. Uielewe unapoisikia, lakini unapoandika, na hata unapozungumza na wageni wazima usiowafahamu, usiiache *ne*.

Sentensi ya tatu ina mambo mawili. La kwanza ni kitenzi *se reposer*, kupumzika, ambacho hubeba kiwakilishi chake daima, na kiwakilishi hicho lazima kikubaliane na mtenda: *je vais me reposer, tu vas te reposer, il va se reposer, nous allons nous reposer, vous allez vous reposer, ils vont se reposer.* Hiyo *nous* ya pili usiione kuwa imejirudia bure. Pia usije ukaandika *nous allons se reposer*, kosa ninalolisahihisha karibu kila muhula.

La pili ni *quand*. Baada ya *quand*, inapozungumziwa siku zijazo, Kifaransa sanifu hutumia wakati ujao wa kawaida, wenye viambishi vyake mwishoni mwa kitenzi: *Quand nous arriverons à Horombo, nous allons nous reposer.* Hapa Kiswahili chako kitakusaidia, maana nasi husema "tutakapofika", tukaweka alama ya wakati ujao ndani ya kitenzi. Lakini sharti la *si* halifanyi hivyo. Haisemwi *s'il va pleuvoir* unapotaja sharti la kawaida. Husemwa *s'il pleut, nous allons mettre les imperméables*, kama tunavyosema "mvua ikinyesha, tutavaa makoti ya mvua". Ukishika kwamba *quand* huenda na "-takapo-" na *si* huenda na "-ki-", hutayumba tena.

Neno moja la tahadhari kuhusu maandishi. *Allez, aller* na *allé* husikika sawa masikioni, ndiyo maana mtu huandika *nous allons visitez* bila kujua. Baada ya *aller* aliyenyambuliwa, kitenzi cha pili hakinyambuliwi kamwe: *visiter, finir, prendre, voir*, basi.

Mkalimani, Kijenge (Arusha)

Nakubaliana na Mwalimu, ila ningependa kuongeza jambo kuhusu mahali ambapo kila umbo hutumika, kwa kuwa mji wetu una Kifaransa cha aina mbili. Kipo cha wageni wa mlimani na mbugani, na kipo cha ofisi. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda iliyokuwa hapa Arusha, na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2015, ilifanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inatumia Kifaransa hadi leo. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo iliamua mwaka 2021 kukiweka Kifaransa miongoni mwa lugha zake rasmi, pamoja na Kiswahili.

Katika nyaraka za aina hiyo, *futur proche* ni adimu. Ratiba ya kikao huandikwa *la séance s'ouvrira à neuf heures* ("kikao kitafunguliwa saa tatu"), na kifungu cha mkataba husema *les États prendront les mesures nécessaires* ("nchi zitachukua hatua zinazohitajika"). Umbo lenye *aller* ni la mdomoni zaidi: linamhusisha msemaji na anayeambiwa, wote wakiwa hapo hapo. Kwa hiyo ndugu yetu wa Njiro anapowaeleza wageni ana kwa ana, alitumie kwa uhuru. Akiwaandikia wakala wao barua rasmi ya mpango wa safari, ni afadhali aandike *le groupe partira*.

Kwa mwongoza watalii kuna faida nyingine ambayo sijaona ikifundishwa ipasavyo. Ukisema *vous allez* mbele ya kitenzi, unatoa agizo kwa upole. Daktari husema *vous allez prendre ces comprimés* ("utameza vidonge hivi"), na mwelekezaji wa njia husema *vous allez tourner à gauche* ("utageuka kushoto"). Mlimani, ambako mgeni asiyesikiliza huweza kudhurika, sauti hiyo inafaa sana: *Vous allez boire beaucoup d'eau, et vous allez me prévenir si vous avez mal à la tête* ("mtakunywa maji mengi, na mtaniarifu mkiumwa kichwa"). Ni agizo kamili, lakini halimfanyi mtu mzima ajione kama mtoto wa shule.

Usishangae vilevile ukisikia *on va* mara nyingi kuliko *nous allons*. Katika mazungumzo ya kila siku *on* ndiyo "sisi" ya kawaida, na kitenzi chake hufuata umbo la *il*.

Mwongoza watalii, Njiro (Arusha)

Shikamoo Mwalimu, na asante sana Mkalimani. Limenikaa sawa sasa, hasa mfano wa mama mjamzito. Nimebakiwa na maswali mawili. Nikitaka kusema kwamba wapagazi wataileta mizigo, hiyo "-i-" ya mizigo naiweka wapi? Na je, nitajuaje kama *je vais chercher de l'eau* (kuchota maji) ina maana ya kwenda kweli au ya wakati ujao?

Mwalimu wa Kifaransa, Moshi

Marahaba, kijana wangu.

Kwanza sentensi kamili: *Les porteurs vont apporter les sacs.* Ukiondoa *les sacs* na kuweka kiwakilishi, kinakaa mbele ya kitenzi cha pili, ambacho ndicho chenye mizigo hiyo: *Les porteurs vont les apporter.* Ukikanusha: *Ils ne vont pas les apporter.* Kamwe usiseme *ils les vont apporter*. Mpangilio huo ulikuwepo katika Kifaransa cha karne zilizopita, lakini leo hautumiki.

Kuhusu swali la pili, sentensi hiyo peke yake inabeba maana zote mbili, na mara nyingi haidhuru, kwa sababu anayekwenda kuchota maji ndiye huyo huyo atakayeyachota. Lakini kitenzi kikiwa hakina mwendo ndani yake, hakuna utata: *je vais rester ici*, "nitabaki hapa". Na ukihitaji kusema utakwenda mahali, *aller* hujirudia bila kosa lolote: *demain, je vais aller à Marangu.*

Jambo jingine ambalo hukuliuliza, lakini litakufaa siku ya kilele. *Aller* wa aina hii hupatikana katika wakati uliopo na katika *imparfait* (wakati uliopita usiokamilika, "nilikuwa...") tu. *J'allais vous le dire* maana yake ni "nilikuwa karibu kukwambia". Ukisema *j'irai acheter du pain*, "nitakwenda kununua mkate", hapo umerudi kwenye mwendo halisi wa miguu.

Unaporudi kwenye Kiswahili, tafadhali usibebe *aller* begani. Siku hizi tunasikia "tunakwenda kushuhudia" hata pale ambapo hakuna anayekwenda popote, "tutashuhudia" inatosha. *Nous allons partir* ni "tutaondoka", na kama ni sasa hivi, "tunaondoka sasa hivi".

Maelezo yako ya Mandara, baada ya kusahihishwa, yasomeke hivi:

*Demain, nous allons partir à sept heures. Nous n'allons pas marcher vite. Quand nous arriverons à Horombo, nous allons nous reposer.*

Ukishayazoea, andika na ya usiku wa kutoka kambi ya Kibo kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, uyaweke hapa tuyapitie. Humo utahitaji *se lever* (kuamka), *s'habiller* (kuvaa) na *s'arrêter* (kusimama), na hivyo viwakilishi ndivyo ninavyotaka kuviona.