YAH: Wapiga gitaa wa kuwasikiliza kwa anayeishi ghorofani

Habari zenu wanajamii,

Hatimaye nimenunua gitaa la umeme. Naishi ghorofani na ukuta wetu ni mwembamba, jirani nikipiga chafya anasikia. Mwalimu niliyempata huku ni mtu mzuri ila anajua roki tu. Naomba mnisaidie: katika wapiga gitaa mnaowapenda, nianze na nani, na nikimsikiliza nitege sikio wapi? Halafu mnafanyaje mazoezi usiku bila kuletewa malalamiko?

---

JIBU: YAH: Wapiga gitaa...

Dada, karibu kwenye ugonjwa huu, hauna dawa.

Maswali yako yote mawili yana jibu moja: Wes Montgomery, mpiga jazz wa Marekani aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1923. Mchana alikuwa na kazi ya kiwandani, usiku anapiga klabuni, na inasimuliwa kwamba alikiacha kile kijiplastiki cha kuchapia nyuzi akaanza kutumia kidole gumba ili asiwaamshe waliolala. Iwe kweli tupu au imetiwa chumvi, sauti aliyoipata ndiyo iliyomfanya awe yeye. Nyama ya gumba hutoa sauti nene, ya mviringo, isiyo na ule mkwaruzo wa plastiki. Sikiliza hasa anapopiga noti ileile ya juu na ya chini kwa mpigo mmoja. Uzi ulio katikati anauzima kwa vidole vya kushoto, kwa hiyo gumba linapita juu yake bila uzi huo kutoa sauti. Jaribu taratibu. Utaona kwa nini wengi tuliishia njiani.

Ukishachoka naye, hamia kwa Mwenda Jean Bosco wa Kongo. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, mji ambao sasa ni Likasi. Mkono wa kulia alitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linatembea chini kwa hatua zake, cha shahada kinaimba juu kwa hatua nyingine, na anayesikia mara ya kwanza huapa kuwa kuna watu wawili. Usisikilize vidole vyote viwili kwa pamoja. Mara ya kwanza fuata gumba peke yake, mara ya pili fuata kidole cha juu. Na kwa kuwa aliimba Kiswahili cha Katanga, maneno hayatakusumbua sana, sikio linabaki huru kufuata nyuzi.

Halafu Franco Luambo, Mkongo pia. Yeye alichukua vidole vilevile viwili akavipeleka kwenye gitaa la umeme, na tangu bendi yake ya OK Jazz ilipoanzishwa 1956 hadi alipofariki 1989 hakuacha. Mara nyingi utamsikia anang'oa nyuzi mbili kwa pamoja, akiruka ulio katikati yake. Kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala na watu hucheza, anashika kipande kifupi anakirudia, anakirudia, mpaka unataka kumwambia basi. Ndipo anabadilisha noti moja, na ukumbi mzima unainuka. Wanaoanza humwona Franco kuwa rahisi kwa sababu noti zake si nyingi. Mwache mtu arudie kipande kimoja dakika tano bila kukipoteza, ndipo tuongee urahisi.

Dk. Nico Kasanda ni kinyume chake, kila noti imepigwa pasi. Msikilize kwenye rekodi ambazo bendi ya African Jazz ilifanya Brussels mwaka 1960. Lakini nakuomba umsikilize na kaka yake, Déchaud, aliyeshika gitaa la ridhim, lile linaloshikilia mapigo chini ya solo. Hakuna anayemtaja, na bila yeye solo ya Nico ingeelea hewani.

---

JIBU: JIBU: YAH: Wapiga gitaa...

Kaka, nimesoma nikifikiri jina la Mbaraka linakuja, limekataa kuja! Mbaraka Mwinshehe alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa wakati mmoja, kwenye bendi ya Morogoro Jazz kwanza, kisha Super Volcano kuanzia 1973 mpaka ajali ya gari ikamchukua 1979. Kwa wengine gitaa linamsindikiza mwimbaji. Kwake sauti inauliza, gitaa linajibu, na wote wawili ni mtu mmoja, hivyo jibu halichelewi wala halimkatishi muulizaji. Huyo Montgomery wenu mimi hunisinziza.

Dada, benga, muziki wa Kenya, ya D.O. Misiani isikilize kwa raha yako, gitaa lake limebeba namna ya nyatiti, kinubi cha Wajaluo, ila usianzie hapo. Kasi ile itakukatisha tamaa wiki ya kwanza.

Kuhusu jirani: kuna viamplifaya vidogo vya kuchomeka kwenye gitaa, unavaa hedifoni, kwisha. Hata bila kuchomeka popote, gitaa la umeme halina kelele ya kumfikia mtu wa pili. Na YouTube unaweza kupunguza kasi hadi nusu bila sauti kushuka.

---

JIBU: JIBU: YAH: Wapiga gitaa...

Nachomekea kidogo. Kwa sisi ambao vidole vimeshakomaa, kuna Django Reinhardt, mpiga jazz wa Ulaya. Moto wa mwaka 1928 ulimharibu mkono wa kushoto, vidole viwili vya mwisho vikabaki karibu havifai. Solo zote zinazotutoa jasho alizipiga kwa viwili vilivyobaki. Ndiyo maana mistari yake inapanda na kushuka kwa urefu wa shingo ya gitaa, mahali ambapo mwenye vidole vinne angekaa pale pale.

Na B.B. King, mpiga blues wa Marekani, kwa siku ulizotoka kazini hoi. Noti tatu, ya mwisho anaitikisa kwa kifundo cha mkono mpaka inalia. Inatosha.

---

JIBU: JIBU: YAH: Wapiga gitaa...

Asanteni sana, kaka zangu. Nimeanza na Bosco, gumba peke yake kwanza kama nilivyoelekezwa. Swali dogo: kucha nikate au niache?

---

JIBU: JIBU: YAH: Wapiga gitaa...

Za kushoto kata zote. Za kulia, ukitaka unene wa Montgomery kata, ukitaka sauti kali zaidi acha kidogo. Na baridi ikianza usiliegemeze gitaa karibu na hita, mbao zinakauka na shingo inapinda. Unyevu wa asilimia 45 hadi 55 chumbani unalifaa.