Mödlareuth: kijiji cha wakulima 50 kuwekewa ukuta, ilikuwaje?

msomaji_wa_usiku:
Wakuu habari zenu. Juzi nilikuwa nasoma mambo ya ukuta wa Berlin nikakutana na hili jina Mödlareuth, kumbe ni kijiji cha wakulima huko Ujerumani chenye watu kama 50 tu na chenyewe kilipigwa ukuta katikati. Berlin naelewa, jiji kubwa, washindi wa vita wamegawana. Sasa kijiji cha ng'ombe ukuta wa nini? Na kabla ya hapo waliishije? Anayeijua stori anipe kwa kirefu.

mzee_ramani:
Mkuu hii haianzii 1945. Katikati ya kijiji kinapita kijito kinaitwa Tannbach, kembamba hivi kwamba mtu mzima anakiruka bila kujiandaa. Mwaka 1810 walisimika mawe ya mpaka kufuata hicho kijito, huku ufalme wa Bavaria, kule utawala mdogo wa Reuss ambao baadaye ukaja kuingia jimbo la Thuringia. Ila huo mpaka ulikuwa wa wakubwa na makaratasi yao. Shule na kilabu cha pombe vilikuwa upande wa Thuringia, kanisani wote wanaenda Töpen upande wa Bavaria, kwa hiyo mtoto anavuka kwenda shule na bibi anavuka kwenda ibada na hakuna anayemuuliza mtu kitu, zaidi ya miaka 130 hivyo hivyo.

Vita ilipoisha Bavaria ikawa chini ya Wamarekani, Thuringia chini ya Warusi, na mstari uliotumika ni ule ule wa 1810. 1949 zikazaliwa nchi mbili, Ujerumani Magharibi upande wa Bavaria na Ujerumani Mashariki upande wa Thuringia, basi kijito kikawa mpaka wa nchi.

kijijini_kwanza:
Naongezea kwa mzee ramani, kilichowaumiza hasa ni 1952. Serikali ya Mashariki iliweka ukanda wa kilomita 5 wa kuingia kwa kibali, ndani yake mita 500 za mwisho ndo ulinzi mkali kabisa na Mödlareuth ipo humo humo, wakahamisha kwa nguvu familia walizoona si za kuaminika, halafu ikaja fensi ya mbao, baadaye senyenge, na 1966 ukuta wa zege wa mita kama 700, urefu wa kwenda juu zaidi ya mita 3. Wanajeshi wa Kimarekani wakapaita Berlin Ndogo. Mtu wa Mashariki alikatazwa hata kumpungia mkono ndugu yake aliye ng'ambo, yaani unamwona anakamua ng'ombe wake halafu unatakiwa ujifanye humjui, mimi hapo ndo huwa nashindwa kuendelea kusoma.

Na kilimo chenyewe kikaachana. Mashariki mashamba yalikusanywa kuwa ya ushirika, Magharibi kila familia ikabaki na shamba lake.

msomaji_wa_usiku:
Dah, kumpungia mkono tu? Asanteni sana. Walifunguliwa siku moja na Berlin?

mzee_ramani:
Hapana, walisubiri mwezi mzima. Berlin ni 9 Novemba 1989, hawa walifunguliwa njia ya miguu 9 Desemba. Tarehe 17 Juni 1990 katapila likaangusha sehemu kubwa ya ukuta, kipande cha mita kama 100 kikaachwa makusudi, leo ni sehemu ya makumbusho pamoja na mnara wa walinzi.

kijijini_kwanza:
Na wengi hawajui kwamba kiserikali kijiji bado ni nusu kwa nusu mpaka leo. Nusu iko chini ya Töpen, Bavaria, nusu chini ya Gefell, Thuringia. Plate namba za magari tofauti, namba za posta tofauti, hata salamu, upande wa Bavaria watakwambia Grüß Gott, wa pili Guten Tag. Mpaka wa 1810 haujaondoka, umerudi tu kuwa ule wa zamani wa kuvuka bila kuulizwa.