Kuacha ajira nikiwa na miaka 50: mifuko ya uwekezaji ya UTT, hatifungani, nyumba za kupangisha au nisubiri NSSF?

MwanaTabata:
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 38, nimeajiriwa sekta binafsi hapa Dar, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) nakatwa tangu 2012. Nataka nikifika 50 niachane na ajira, hiyo 60 siingoji. Baada ya ada za watoto na matumizi ya nyumbani, laki tano kwa mwezi inabaki bila kujiumiza. Nikishapumzika nataka milioni moja na nusu kwa mwezi. Nina kiwanja Chanika, bado pori. Nianzie wapi? Wale wa "nunua bodaboda kumi" naomba mpite kushoto.

Mzee Kuponi:
Mimi ni mtu wa hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, sijifichi. Mnada wa BoT (Benki Kuu) unaingia kwa kuanzia milioni moja, kupitia benki au dalali wa soko la hisa, na riba unalipwa kila miezi sita. Chukua mfano wa riba ya asilimia 12.56 kwa mwaka kwa hatifungani ya miaka 25. Ukiwa na milioni 150 humo, kila baada ya miezi sita inaingia 9,420,000. Gawa kwa sita, umevuka lengo lako.

Ila usije ukangoja ufike 50 ndiyo ununue zote kwa mpigo. Waliowahi 2021 walipata 15.95 kwa miaka 25, Aprili 2022 ikashushwa hadi hiyo 12.56. Aliyewahi anaendelea kulipwa ile ile ya kwake mpaka ziive. Nunua kidogo kidogo kila ukipata mtaji, usiweke maisha yako yote kwenye mnada mmoja.

Dada Hesabu:
Mzee Kuponi kamwonyesha anakokwenda, sasa tuone kama atafika. Laki tano kila mwezi kwa miaka 12 ni milioni 72 za mfukoni. Zikikua kwa asilimia 12 kwa mwaka, na faida yote ikirudishwa ndani, zinafika kama milioni 159. Kwa hiyo inawezekana, MwanaTabata. Lakini hiyo 12 hakuna aliyekuahidi.

Jambo la pili ndilo watu hulikwepa. Mfumuko wa bei ukienda asilimia 3 tu, milioni moja na nusu ya mwaka unaoacha kazi itanunua vitu vya kama milioni moja na elfu hamsini ya leo. Na riba ya hatifungani haipandi. Ukiila yote kila mwezi, ukifika 70 utakuwa na hela ile ile wakati mchele umeshahama bei mara ngapi sijui. Ama uongeze akiba kila mshahara unapopanda, ama usile riba yote.

Kwa kukusanyia napendelea UTT, maana laki tano huwezi kuingia nayo mnadani. Unanunua vipande (sehemu ndogo za mfuko) kila mwezi, zikifika milioni kadhaa unahamishia kwenye hatifungani. Mfuko wao wa Ukwasi unafaa kwa kazi hiyo, kutoa hela ni siku chache tu za kazi.

Shangazi wa Kibaha:
Jamani, na nyumba je? Kodi inapanda na maisha, riba yenu haipandi. Nina nyumba nne ndogo za chumba na sebule, kila moja 150,000. Laki sita kwa mwezi zikijaa.

Zikijaa, nasema. Mwaka jana mmoja kahama usiku, kafungua mpaka balbu na koki ya bafuni, kaniachia deni la maji. Umeme wa LUKU wanachangia wawili wawili, kila wiki kesi ya nani anapasi nguo. Shimo la choo likijaa anayepigiwa simu ni mimi. Kwa hiyo mwanangu, usidanganywe kwamba huku ni kustaafu, hii ni kazi. Mimi naipenda, mwingine itamtoa roho.

Mnyalukolo:
Panda miti ya mbao Mufindi! Ila mkuu una miaka 12 tu, na moto wa kiangazi hauna adabu. Weka ekari chache kama ziada, usiitegemee.

MwanaTabata:
Shukrani sana wakuu. Shangazi umenichekesha na umenitisha. Na hela ya NSSF? Nikitoka 50 nachukua changu?

Mzee Kuponi:
Hapana. Fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako ukiacha kazi, lilifutwa na mabadiliko ya 2018. Kukosa ajira kuna fao lake la miezi michache, ila hilo ni la aliyeachishwa, siyo wewe unayeaga mwenyewe. Pensheni inataka uwe umechangia miezi 180, nawe utakuwa umeshavuka, lakini kustaafu kwa hiari kunaanza 55. Kwa hiyo kati ya 50 na 55 unajilisha mwenyewe. Mfuko wako ujengwe kwa ajili ya miaka hiyo mitano kwanza. Pensheni ikija, riba unaanza kuirudisha ndani, na hapo lile tatizo la Dada Hesabu linapungua makali.

Dada Hesabu:
Hapo naunga mkono. Kiwanja usikijenge sasa, kitakula laki tano zako zote kwa miaka. Kama hakijapimwa, pima, fuatilia hati, kisha kiache. Bima ya afya umeihesabu? Ya mwajiri inakatika siku unayotoka.

MwanaTabata:
Sijaihesabu kabisa. Mwenye bei za sasa za vifurushi vya familia atupie hapa.