Mrejesho: ile huzuni na hasira za kabla ya period

Wadau asanteni sana. Kwa ambao hawakuona, niliuliza kwanini kila mwezi kabla ya period nakuwa mtu mwingine kabisa, nalia hovyo, hasira juu, sitaki kuongea na mtu, halafu damu ikianza tu nakaa sawa.

Basi nikaenda kwa daktari na kile kidaftari mlichosema nijaze kila siku, mudi, usingizi, siku ya mzunguko, maana wanataka kuona angalau mizunguko miwili. Akapitisha kidole kwenye mistari akasema ona, yote imerundikana baada ya yai kutoka. Inaitwa PMDD, yaani mudi kuvurugika vibaya sana kabla ya period, na tangu 2013 ipo kwenye mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, kwahiyo sio kudeka jamani.

Kilichonishangaza, homoni zenyewe ziko kawaida tu. Shida ni ubongo unavyopokea kupanda na kushuka kwake, homoni ya projesteroni ikivunjwa mwilini inatoa kemikali ambayo wengi inawatuliza ila wengine inawavuruga, na estrojeni nayo ikishuka inayumbisha serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na mudi. Ndo maana dawa za sonona zinasaidia hapa tena haraka, ndani ya siku chache, na wengine wanameza nusu ya pili ya mzunguko tu. Mimi nimeanzishiwa hivyo na nafuu naiona kweli.

Ila dada, kama siku hizo unapata mawazo ya kujiua usisubiri kidaftari kijae, nenda leo hii.