Naombeni ushauri: niende misheni ya wiki tatu kwenye kituo cha watoto ng'ambo, au nibaki?

TumainiHai

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Mimi ni binti wa miaka 26, mhasibu kwa kazi, na kanisani nafundisha shule ya Jumapili. Kanisa letu linafadhili kituo cha watoto yatima nchi ya ng'ambo, huu ni mwaka wa tatu. Sasa kamati ya misheni imeteua watu 12 twende tukakae nao wiki tatu: tuwafundishe nyimbo na Neno, tupake rangi mabweni, tucheze nao. Jina langu limo. Nauli nimeshachangiwa zaidi ya nusu, na waliochangia wengine najua kabisa hawana kitu.

Kilichonivuruga ni simu ya video tuliyopiga na kituo majuzi. Watoto walipangwa mistari wakatuimbia vizuri sana. Mbele alisimama binti mdogo, nadhani ana miaka sita, ameshika karatasi yenye jina la kanisa letu, ila ameigeuza kichwa chini. Nikamuuliza kupitia kwa mkalimani, ukikua unataka kuwa nani? Swali langu hakulijibu. Alisema, "Mama anakuja Jumamosi." Mkalimani akatabasamu, mkurugenzi akaendelea na ratiba. Baadaye nikafungua orodha tuliyotumiwa. Binti yule ameandikwa yatima.

Tangu siku hiyo sina amani. Nikimwambia mwenyekiti wa kamati anasema huo ni mtihani wa shetani kabla ya safari. Naombeni wenye uzoefu mniambie ukweli. Niende? Nisiende? Na kama siendi, hela za watu nazifanyaje?

MwanaSayuni

Nenda dada. Ukitafuta sababu ya kutokwenda utaipata kila siku. Hao watoto wanahitaji upendo, na upendo hauna wiki chache wala nyingi. Nakuombea.

Safari_ya_Imani

Dada Tumaini, nakuandikia kama mtu aliyekwenda. Nilikaa miaka miwili kwenye kituo cha watoto ng'ambo, nikiwa nimetumwa na kanisa. Niliwapenda watoto wale na bado nawapenda.

Kulikuwa na mvulana wa miaka minne. Kila basi la wageni likiingia getini, yeye ndiye wa kwanza kukimbia. Anamshika mgeni mkono, hata jina hajamuuliza, anapanda mapajani. Wageni walitoa machozi, wanasema mtoto huyu ana upendo wa ajabu. Hata mimi mwanzoni niliandika hivyo kwenye barua zangu kwa kanisa. Ilichukua miezi kuona upande wa pili. Wageni wakiondoka alikuwa anabaki getini, ameshika nondo, halii. Mwanzoni alikuwa akilia, walezi waliniambia. Aliacha. Siku nilipoanguka mbele yake nikaumia goti, alinitazama tu akaenda kumshika mkono mgeni mwingine.

Mtoto mwenye mtu wake hamkimbilii kila mtu. Anajificha nyuma ya mama yake kwanza. Huyu hakuwa na nyuma ya mtu pa kujificha, na sisi kila baada ya wiki tatu tulimletea mama mpya na kumwondolea. Kwa hiyo ndugu yangu MwanaSayuni, nakuheshimu, lakini kwa mtoto mdogo wiki chache na nyingi hazifanani hata kidogo.

Tumaini, usiende kucheza na watoto. Ukienda, nenda kwa kazi ambayo haikupitishi mikononi mwao. Wewe ni mhasibu, kaa na mhasibu wa kituo.

Mzee_Mlinzi

Binti yangu, amani iwe nawe. Mimi ni mzee wa kanisa, nimekaa kwenye kamati kama hiyo yenu kwa muda mrefu. Kabla vijana hawajavilaumu vituo vyote, naomba tumkumbuke George Müller. Alianza kulea yatima mwaka 1836 pale Bristol, Uingereza, kwenye nyumba ya kupanga, na hadi anafariki mwaka 1898 watoto waliopita mikononi mwake walikuwa kama elfu kumi. Hakuwa akimwomba mtu hela, alipiga magoti. Walikuwepo watoto ambao bila yeye wangeishia kwenye nyumba za mafukara. Hiyo ni kazi ya Mungu, na mtu asiidharau.

Lakini nikisema hivyo lazima niseme na hili, maana nililijua nikiwa nimechelewa. Müller alikuwa na sharti: mtoto anayepokelewa awe amefiwa na baba na mama, wote wawili. Na katikati ya karne iliyopita wenyewe waliomrithi waliyaacha yale majengo makubwa, watoto wakapelekwa kwenye nyumba ndogo za mfano wa familia. Sisi tuliendelea kujenga mabweni makubwa kwa jina lake.

Halafu Yakobo 1:27. Nimeuhubiri mstari huo mara nyingi sana. Kila nilipousoma nilisikia "yatima", nikapita. Neno linasema yatima na wajane. Zaburi 68:5 hivyohivyo, yatima na wajane. Sasa nijibu, binti yangu: mjane ni nani, kama si mama wa yatima? Tumemchukua mtoto tukampeleka bwenini, mama yake tukamwacha mlangoni na dhiki yake ileile. Nilipolielewa hili nililia, nakwambia kweli.

Huyo anayekuja Jumamosi, mtafuteni.

Afisa_Ustawi

Naungana na mzee hapo juu. Mimi nafanya kazi ya ustawi wa watoto, nitaongezea upande wa taratibu.

Kwanza, hilo la mtoto "yatima" mwenye mama si jambo geni. Kambodia mwaka 2011 ilitolewa ripoti ya serikali pamoja na UNICEF: karibu watoto watatu kati ya wanne waliokuwa vituoni walikuwa na angalau mzazi mmoja hai. Na vituo vilikuwa vimeongezeka haraka katika miaka ileile ambayo watalii na wafadhili waliongezeka. Ukielewa hapo umeelewa tatizo zima. Hela ikifuata kitanda cha mtoto, kitanda hakitakaa tupu. Mama maskini ataambiwa, mlete huku atasoma bure, atakula, na mama yeyote mwenye uchungu na mwanawe atafikiria.

Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, Wamarekani kumi wa kundi la kikanisa walikamatwa wakijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila vibali. Walisema wanaokoa yatima. Ikaja kuonekana watoto wale walikuwa na wazazi. Siwataji ili kuwahukumu. Nawataja kwa sababu naamini walikwenda na machozi ya kweli, na machozi ya kweli hayakuwapa haki ya kumvusha mtoto wa mtu.

Pili, hata pale ambapo kituo ni kisafi na walezi ni wazuri, mtoto mchanga hakui vizuri bila mtu mmoja aliye wake. Romania, utawala wa kikomunisti ulipoanguka mwaka 1989, ilikuwa na watoto zaidi ya laki moja kwenye taasisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walichukua watoto wadogo 136 pale Bucharest, nusu wakapelekwa kwenye familia za malezi ya kambo, nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi kiakili na kimahusiano, hasa walioingia kwenye familia kabla ya kutimiza miaka miwili. Ndiyo maana Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 inataka kumtoa mtoto kwenye familia yake liwe chaguo la mwisho, na inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao.

Sasa wewe dada, muulize mkurugenzi, kwa upole kabisa: nani aliwaleta watoto hawa na kwa barua ya nani? Kila mtoto ana faili lenye majina ya jamaa zake? Mwaka jana wangapi walirudi kwao? Kama jibu la swali la mwisho ni sifuri, usipande ndege. Uliza pia kama wageni wanakaguliwa rekodi zao kabla ya kuingia. Kituo kinachompokea mgeni yeyote mwenye zawadi kitampokea na mwenye nia mbaya. Na visa, tafadhali: kuna nchi ambazo kufundisha kwa visa ya utalii ni kosa, hata kama unafundisha nyimbo.

Nilikuwa_Huko

Sikutaka kuandika ila nimeusoma uzi huu mara mbili.

Nimelelewa kituoni kuanzia miaka saba hadi kumi na saba. Wamisionari walionilea walikuwa watu wazuri, ningesema uongo nikisema vinginevyo. Shule nimesoma kwa ajili yao, na Yesu nimemjua pale. Ila tulikuwa na wimbo wa wageni, na kulikuwa na nguo za wageni. Wakiondoka nguo zinarudi stoo.

Mama yangu alikuwa hai muda wote. Hakuwa na ada, basi. Niliporudi nikiwa mtu mzima hatukuwa na cha kuzungumza, na lugha ya nyumbani nilikuwa nimeisahau nusu. Alikuwa ananiita mgeni, kwa heshima, ananipa kiti kizuri. Bado tunajifunza kukaa pamoja.

Dada, yule mtoto alikujibu swali lako. Ulimuuliza anataka nini.

TumainiHai

Nimesoma yote, na hilo la mwisho nimelisoma nimesimama. Asante sana, Mungu akutunze wewe na mama.

Hela za watu bado zinaniumiza. Kuna mjane mmoja kanisani alinipa bahasha mkononi akasema, nenda kwa niaba yangu. Nitamwambia nini?

Safari_ya_Imani

Mwambie ulivyotuambia sisi, tangu ile karatasi iliyogeuzwa. Kila mchangiaji mrudishie uamuzi wake: akitaka hela yake arudishiwe, akitaka iende kwa mama wa mtoto badala ya ndege, iende huko kwa maandishi na risiti. Huyo mjane nadhani atakuelewa kabla ya kamati.

Mzee_Mlinzi

Na kamatini usiingie peke yako. Mtafute mzee mmoja mnayeheshimiana, umwonyeshe kwanza orodha. Usiseme kituo ni cha wezi, maana hujui, na huenda mkurugenzi mwenyewe amebanwa na wafadhili wanaotaka picha za watoto kila mwezi. Na sisi ndio hao wafadhili. Msikate msaada ghafla pia. Mkikata leo, kesho watakaolala njaa ni watoto haohao.

TumainiHai

Wapendwa, narudi na mrejesho.

Mjane wangu nilianza na yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Huyo mama analala wapi mwanawe akiwa huko?" Sikuwa na jibu. Bahasha amekataa kuichukua, amesema ikae.

Kamati imeahirisha safari, haijaifuta. Watu wawili wataenda kwanza, mimi na mzee mmoja, siku tano, kukaa na walezi na ofisi ya ustawi wa jamii ya kule, bila ratiba ya watoto na bila kupiga picha.

Mkurugenzi nilimpigia mwenyewe. Ni kweli, mama yupo. Anatembea nusu siku kuja kumwona mwanawe, Jumamosi moja kila mwezi, na alimleta kwa sababu ya shule tu. Nikauliza, ada ikilipwa mtoto akiwa kwa mama yake, na mama akapata mtaji kidogo wa kuanzia, kituo kitakubali arudi? Alikaa kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema wafadhili hawajawahi kumuuliza hivyo, na kwamba kwenye orodha ile kuna wengine kumi na mmoja kama yeye.

Jumamosi mama akija, mkurugenzi ataongea naye. Atanipigia jioni.