Utulivu wa mikokoni: je, ni msamaha?

Mwana wa Langoni
Assalamu alaykum. Marehemu baba yetu alituachia mashua, na ndugu yangu mkubwa akaiuza bila kunishauri wala kunipa fungu langu. Tangu hapo hatusemezani, ilhali mama yetu, tunayeishi naye nyumba moja, ndiye anayeumia kuliko sote. Siku za bamvua, maji yakishakupwa, huenda peke yangu kwenye mikoko ya upande wa Matondoni, hapa Lamu, nikaketi juu ya mizizi nikiwatazama kaa wakiingia na kutoka mashimoni mwao, na kwa muda huo simchukii mtu yeyote. Nikirudi mjini nikamkuta ndugu yangu barazani, kifua hunibana upya. Naomba mniambie kwa dhati: utulivu ule ni msamaha unaoanza, au ni mwili tu unaopumzika?

Bi wa Kipungani
Wa alaykumu salaam, mwanangu. Pole sana. Kwa maoni yangu hayo ni mapumziko, lakini usiyadharau, kwani moyo uliochoka hauwezi kusamehe. Ukienda tena, utafute mchu, upitishe kidole juu ya jani lake wakati wa jua kali; utakuta chembe za chumvi. Mti huo huishi kwa maji ya bahari, na chumvi inayoingia mwilini mwake huitoa kidogo kidogo kupitia majani. Mimi nilipoachwa na mume nikiwa na watoto wadogo, hasira yangu ilitoka vivyo hivyo, wala sikutambua ni lini ilikwisha.

Mkaazi wa Shela
Nakubaliana na Bi, ila nisingependa ndugu yetu adhani kwamba kusamehe ni kuacha haki. Fungu lake la mirathi lipo palepale, na Mahakama ya Kadhi ina mamlaka juu ya mambo hayo endapo mazungumzo yatashindikana. Pamoja na hayo, kumbuka kisa cha Sayyidna Abubakar, aliyeapa kutomsaidia tena Mistah, jamaa yake mwenyewe aliyeshiriki kumsingizia binti yake Abubakar, Bi Aisha. Iliposhuka aya ya 22 ya Surat An-Nur, inayowauliza waumini kama hawapendi Mwenyezi Mungu awasamehe, alirudisha msaada wake. Jeraha lake lilikuwa zito kuliko mashua, nami nasema hivi bila kulipuuza lako.

Mwana wa Langoni
Nashukuru. Nilikuwa nikingoja chuki iishe yote ndipo niseme naye, na sasa naona huenda nikangoja hadi mama atutoke. Je, nimwendee mwenyewe au nimtume ami?

Bi wa Kipungani
Mwendee mwenyewe, mwanangu, ukitoka mikokoni siku hiyo hiyo, kabla hujapita barazani kwa watu. Umwombe mkae chumbani kwa mama, umsalimie kwanza, na habari ya mashua uiseme waziwazi mama akisikia. Ami mwachie zamu ya pili, iwapo ndugu yako atakataa kuketi.